UZI: Kuandaa Land Cruiser "mkonga" kwa safari ndefu za magharibi, tuanzie kwenye mizani

Barabara_Ndefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima yenu.

Naona watu wengi sasa wananunua Land Cruiser hardtop kwenye minada ya miradi na mashirika, wanazipeleka kwa fundi, na baada ya miezi michache gari linatoka limejaa vyuma: bampa zito mbele, bampa zito nyuma, ngazi, keria iliyofunika paa lote, madumu manne juu yake, taa za kutosha uwanja wa mpira. Kwenye picha linapendeza. Halafu safari ya kwanza ya hifadhi ya Katavi springi ya nyuma inakatika hata Sitalike, kijiji cha langoni, hawajafika. Nazipenda sana safari hizi, na inaniuma kuona gari gumu namna hii linauawa na mzigo kabla halijaliona Ziwa Tanganyika. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Ninalolizungumzia hasa ni lile la injini ya 1HZ. Familia ya Land Cruiser 70 ilianza 1984, na hii 78 tunayoiita mkonga ilikuja 1999 ikiwa na springi za koili mbele na za majani nyuma. Injini ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 4,164, dizeli, haina tabo wala kompyuta. Pampu ya dizeli inazungushwa na mkanda wa taiming na inapima mafuta kwa vyuma vitupu. Fundi wa Namanyere anaifungua chini ya mwembe na inawaka. Ila nguvu zake si nyingi, na ukilipakia kupita kiasi, mlima Kitonga utakuambia mapema kabisa.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata bolti moja, lipeleke gari mizani. Wenye maghala ya mazao wana mizani, wanunuzi wakubwa wa chuma chakavu wanazo, viwanda vya kuchambua pamba pia. Ongea nao vizuri watakupimia. Pima gari zima, kisha ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Halafu soma bamba la mtengenezaji uone uzito wa juu unaoruhusiwa. Tofauti ya hizo namba mbili ndiyo mali yako yote ya safari. Kila unachofunga kinakatwa humo.

Tuhesabu pamoja. Gari lenye matangi mawili ya lita 90 linabeba dizeli lita 180, na hiyo peke yake ni kama kilo 150. Maji lita 60 ni kilo 60. Watu wawili wazima, weka 150. Keria ya chuma pamoja na hema la juu ya paa, 150 zinafika bila shida. Bampa la chuma na winchi, 100 na ushee. Spea tairi mbili, zaidi ya 70. Friji na chakula, 50. Betri ya pili ya risasi, karibu 30. Hapo hujaweka jeki, vifaa vya fundi, jiko, nguo, na shemeji aliyeomba lifti ya kwenda Mpanda. Umeshapita kilo 760, na nyingi ziko nyuma ya ekseli ya nyuma au juu ya paa, mahali pabaya kuliko pote.

Sasa angalia madumu ya paani. Gari lenye mzigo wa wastani linakwenda kama kilomita 7 kwa lita. Lita 180 mara 7 ni zaidi ya kilomita 1,200. Dar mpaka Mbeya ni takribani 830. Sheli zipo Tunduma, Sumbawanga, Namanyere, Mpanda, Uvinza. Hayo madumu manne ni ya kazi gani? Ni kilo 80 zinazoyumba juu ya kichwa chako kila kona. Yashusheni. Kama gari lako lina tangi moja, ongeza tangi la pili chini ya chesisi, uzito ukae chini.

Fedha iliyookolewa kwenye mapambo ipeleke kwenye tairi, shokapu, springi, rejeta, mipira yote ya maji na mikanda. Hivyo ndivyo vinavyokurudisha nyumbani.

---

FundiSpringi

Mkuu umeongea kazi yangu. Mimi niko mtaa wa Gerezani, Dar, hayo magari tunayapokea yakirudi.

Niongeze moja. Mteja akivunjikiwa na springi anataka aongezewe majani mawili, anaona ameponya. Hajaponya. Gari likiwa tupu litakuwa gumu kama mkokoteni, na lile pigo ambalo springi ingelimeza linakwenda kwenye chesisi. Tunaona nyufa kwenye mabano yanayoshika springi ya nyuma, na kwenye mabano ya mikono ya ekseli ya mbele. Ukinunua gari la mnada, lala chini na tochi, futa tope kwa brashi ya waya, angalia hayo maeneo mawili kabla hujaangalia kitu kingine. Rangi mpya nyeusi chini ya chesisi iulize maswali mengi.

Springi inachaguliwa kwa mzigo wa kila siku wa gari, ule ambao haushuki. Ndiyo maana namuunga mkono mwanzisha uzi: pima kwanza, uje na namba. Ukija na namba nakutengenezea seti. Ukija na "nataka ikae juu" nitakubishia.

Na shokapu: barabara ya mawimbi inazichemsha. Mafuta ya ndani yakipata moto shokapu haifanyi kazi tena, gari linaanza kuruka lenyewe. Simama, ishike kwa mgongo wa mkono. Ikiwa inaunguza, pumzika, hapo kunywa chai.

---

DadaWaUsa

Asante kwa uzi. Naomba msitusahau tusio na mkonga. Mimi nina Prado, toleo la 95, dizeli, na mume wangu na watoto wawili. Tunataka kutoka Arusha kupitia Babati, Singida, Tabora mpaka Mpanda na Kigoma, tukirudi kwa Sumbawanga na Mbeya. Je, inawezekana, na tulale wapi? Kila mtu ananiambia lazima hema la juu ya paa.

---

Barabara_Ndefu

Dada yangu, inawezekana kabisa, na njia uliyochora ni nzuri kuliko ya wengi kwa kuwa karibu hurudii barabara, ila kipande cha Mpanda na Kigoma. Sehemu kubwa siku hizi ni lami. Nendeni kiangazi, Juni hadi Oktoba. Mbuga za Katavi, zile tambarare za Katisunga na Chada, ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikishanyesha haujali gari ni la bei gani.

Prado ya 95 ya dizeli nyingi zina 1KZ-TE, lita 3, ina tabo. Udhaifu wake unajulikana: silinda hedi inapasuka gari likichemsha. Kwa hiyo kwako wewe kazi ya kwanza ni upoozaji. Rejeta isafishwe ndani na nje, au ibadilishwe kama imechoka, kifuniko chake kiwe kipya, feni ishike vizuri, na ufungiwe geji ya joto inayosoma namba. Ile ya kwenye dashibodi inakuambia habari zikiwa zimeshaharibika. Mkipanda mlima mrefu na mzigo, shusha gia mapema na zima kiyoyozi.

Kuhusu hema la paa, kwa familia ya watu wanne kwenye Prado mimi nasema hapana. Ni kilo 60 au zaidi juu kabisa ya gari, na kila mkitaka kwenda sokoni Mpanda lazima mkunje nyumba nzima. Chukueni mahema mawili ya ardhini ya turubai zuri. Kwenye kambi ndani ya hifadhi, watoto wasitoke usiku bila mtu mzima na tochi. Katavi viboko wanatembea usiku kutafuta majani, na Ikuu wanajazana kwa mamia kiangazi kikikaza. Hakikisheni mahema hayakai kwenye njia yao ya kwenda majini. Muulizeni askari wa hifadhi, anazijua zote.

Kwa mwenye hardtop ya milango ya nyuma mambo ni rahisi zaidi: lala ndani. Plaiwudi ya milimita 12, karatasi moja ya futi 8 kwa 4 ina kama kilo 20, inatoa kitanda na masanduku mawili ya chini. Msimruhusu seremala aweke mninga. Ni mbao nzuri mno, iacheni kwenye milango ya nyumba.

Na dada, Katavi msivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazifuata rangi hizo, ndiyo maana mitego yao inashonwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi. Wanafuata pia gari linalotembea, kwa hiyo vioo juu.

---

MfipaHalisi

Karibuni kwetu. Watu wanapita Sumbawanga wanakimbilia Katavi, wanaacha mambo mazito nyuma yao.

Kwanza baridi. Mji uko juu, karibu mita 1,800. Juni na Julai usiku utajuta ulichoacha Dar. Beba blanketi la kweli.

Pili, maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Maji yanadondoka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja. Chukua barabara ya Matai kuelekea Kasanga, kisha unaingia ndani. Fika asubuhi. Kwenye kuta za bonde lile wanazaliana ndege korongo wale wakubwa wenye upara, marabou, na ukisimama juu unawatazama migongo wakiruka chini yako.

Tatu, kwa wenye fowili: shukeni Muze, upande wa Ziwa Rukwa. Unaliacha tambarare la Ufipa lenye ubaridi na ndani ya muda mfupi uko bondeni kwenye joto. Kushuka ni gia ndogo, acha injini ishike gari, breki uzitumie kwa kuguswa tu. Gari lenye mzigo juu ya paa hapo linatisha, kwa hiyo nasimama na mwanzisha uzi. Ziwani msiogelee. Mamba.

---

TaboKwanza

Wakuu mimi napinga kidogo. Mnasema punguza mzigo kwa sababu 1HZ haina nguvu. Kwa nini tusiifunge tabo tu? Kuna vifaa vya kufunga vinauzwa, gari linaamka.

---

FundiSpringi

Kijana, gari linaamka kweli, siwezi kukataa. Lakini 1HZ dizeli yake inaanza kuungua kwenye chumba kidogo ndani ya hedi, haikutengenezwa kwa moto wa tabo. Ukifunga bila kupunguza dizeli na bila geji ya joto la ekzosi, mlimani unapasua hedi. Anayefunga kwa kiasi, akaweka geji na akaifuata, anaishi nayo. Ninaowapokea mimi si wale.

---

Barabara_Ndefu

Naongeza kwa heshima zote: injini ya safari ndefu naipenda isiyonishtua. Dakika kumi nitakazochelewa Kitonga hazinipunguzii kitu. Nikikwama katikati ya Katavi na hedi iliyopasuka, napoteza likizo nzima.

---

Nanyuki4x4

Wadau wa Bongo, salamu kutoka Kenya. Huu uzi uko sawa sana. Huku kwetu safari ya kujipima ni kwenda Loiyangalani, Ziwa Turkana, ukipitia Maralal, Baragoi na South Horr, ama upande wa Marsabit na North Horr ukivuka Chalbi. Isiolo hadi Moyale sasa ni lami, mtu wa Subaru anafika. Lakini ukitoka kwenye hiyo lami mambo inabadilika.

Shida kubwa huku ni mawe ya volkeno. Yanakata tairi ubavuni, na ubavu haushonwi barabarani. Watu wamesoma kwamba off-road unapunguza upepo, wanapunguza hadi tairi inavimba ubavu, kisha wanaingia kwenye mawe makali. Hapo ndiyo inakatwa. Mchanga ni kitu moja, mawe ni kitu ingine. Spea mbili huko ni lazima, hata kama mzee wa uzito atanikasirikia.

Pia upepo, ule wa kuvuma. Loiyangalani ndiko kuna mitambo ya stima ya upepo, 365 yenyewe, na haikuwekwa hapo kwa bahati. Hema ya juu ya gari usiku mzima inapigwa kama tanga. Anayelala ndani ya gari anaamka amepumzika.

Swali kwa mwenye uzi: wewe unajaza tairi upepo kiasi gani, na unatumia tairi gani?

---

Barabara_Ndefu

Sikasiriki ndugu yangu, spea mbili hata mimi nabeba. Uzito unaokurudisha nyumbani ni halali.

Natumia 7.50R16 za kawaida na tyubu, kwenye ringi za chuma za kufungua. Najua wengi wanataka tairi pana zisizo na tyubu. Zina raha yake, na ukibeba kamba za kuziba tundu unatengeneza bila kuvua tairi. Lakini ukiachana na barabara kuu, kila kijiji kina kijana anayejua kuziba tyubu, na liva zake ziko tayari. Tairi nyembamba pia inachimba tope jepesi mpaka kwenye ardhi ngumu. Ila ringi za kufungua zina hatari moja lazima niiseme kwa sauti: ile pete ikiwa haijakaa sawa, upepo ukiingia inaruka na inaua. Pete itazame chini wakati wa kujaza, ifunge kwa mnyororo, na mtu yeyote asiinamie juu yake, hasa watoto wanaokuja kutazama.

Upepo: lami na mzigo, naanzia psi 38 mbele na 42 nyuma, tairi ikiwa ya baridi. Changarawe ya mawimbi nashuka hadi 28 au 30, na mwendo nao unashuka. Mchanga mzito 18, taratibu, bila kukata kona kwa nguvu. Mawe makali kama hayo ya kwenu, siendi chini ya 28, na natembea kama mtu anayevuka sebule yenye mtoto aliyelala. Ukishapunguza lazima uwe na pampu ya kurudishia. Pampu nzuri ya kufunga kwenye betri ni ununuzi wa mwanzo kabisa, kabla ya winchi, kabla ya taa. Na kuna kipimo kizuri: pima asubuhi, kisha pima tena baada ya kama saa nzima ya mwendo. Upepo ukiwa umepanda psi 6 au zaidi, tairi inateseka. Ama ongeza upepo, ama shusha mzigo, ama punguza mwendo.

Kwenye kuvutana mkikwama: usifunge kamba kwenye mpira wa chuma wa kuvutia tela (tow ball). Ukikatika unaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo sehemu nyingi duniani. Funga kwenye ndoano zilizoshikwa kwenye chesisi. Wote wasiohusika wasimame mbali, na juu ya waya wa winchi utupie blanketi zito lipunguze kasi yake ukikatika. Kabla ya yote, koleo. Kuchimba kwa subira kunatoa gari mara nyingi kuliko kuvuta.

---

DadaWaUsa

Kaka asante, nimeandika yote. Mume wangu anauliza dizeli ya kwenye madumu vijijini, na friji. Inataka betri gani?

---

Barabara_Ndefu

Shemeji yangu ameuliza vizuri. Dizeli ya madumu inunuliwe kwa shida tu, na ichujwe kwa faneli yenye kitambaa safi. Maji ndiyo adui mkubwa kuliko uchafu. Dizeli nyingi za Toyota zina filta yenye kizibo cha chini na pampu ndogo ya mkono juu yake. Taa ya filta ikiwaka, zima gari, legeza kizibo, pampu kwa mkono mpaka maji yaishe na dizeli safi ije, kaza. Bebeni filta mbili za akiba, mnunue mahali mnapopaamini, maana feki ni nyingi.

Friji ya kompresa ya lita 40 au 50 kwenye joto inakula takribani Ah (ampea-saa) 30 hadi 50 kwa siku. Betri ya risasi ya Ah 100 usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo ni siku moja, labda moja na nusu, mkiwa mmesimama. Sola ya wati 100 na zaidi juu ya paa inawapa uhuru. Lithiamu ni nyepesi zaidi ya nusu ila bei yake iko juu. Chochote mtakachochagua, betri ya pili itenganishwe na ya kuwashia gari, na waya wake uwe na fyuzi karibu kabisa na betri. Waya usio na fyuzi ukisuguliwa na chuma, gari linaungua.

---

MfipaHalisi

Na mtu akitaka kuvuka kutoka Tunduma kwenda upande wa pili, Zambia, alione Kalambo kutoka Mbala?

---

Barabara_Ndefu

Mkuu, Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja, taratibu za nchi zote mbili zinamalizwa sehemu moja. Kadi ya gari iwe ya jina lako. Kama ni la mtu mwingine au la kampuni, beba barua ya ruhusa iliyothibitishwa na wakili. Bima chukua ile ya kadi ya njano ya COMESA ukiwa bado nyumbani. Tanzania si mwanachama wa COMESA ila mpango wa kadi tumo. Gari linaingizwa kwa kibali cha muda, kitunze, kwa sababu utadaiwa hicho unapotoka. Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe pamoja na pasi.

---

FundiSpringi

Kabla hamjaondoka, mambo mawili ya mwisho kutoka karakana.

Gari la mnada lisilo na kumbukumbu za matengenezo, badilisha mkanda wa taiming pamoja na roli ya kuukaza. Kwenye 1HZ ni kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hiyo ni injini nzima.

La pili, maji. Mkonga wenyewe, lile bomba la kuvutia hewa juu, unailinda injini isivute maji, basi. Difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye mto wa baridi inavuta maji kupitia kipumulio chake. Kirefushe kwa mpira mpaka ndani ya boneti. Ukishavuka maji marefu, jioni yake fungua kizibo cha difu uchungulie. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage hapo hapo uweke mpya, kwa hiyo lita chache za oili ya difu ziwe ndani ya gari. Beringi za mbele nazo zifunguliwe na kupakwa grisi mpya mkifika mjini. Mkipita Dar leteni gari nilichungulie chini, kuchungulia silipishi.